Rufaa Moja kwa Kila Kapteni

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko siku nyingi nilizopongezwa, mwanangu, nayo ni siku niliyomwinua babu yangu kwenye chakula chake bure. Nitakusimulia, halafu nitakwambia ninavyouona huu ugomvi wenu wa video na marefa, kwa sababu mmekuja kuniuliza na mimi sipendi kujibu mambo nikiwa nimesimama mlangoni. Kaa.

Nilikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumdanganya kwamba amekuwa mtu mzima. Tulikuwa tunaishi Maguu, kijiji cha mlimani, na wanaume wote wa ukoo walikula pamoja uani kwa babu, kila nyumba ikileta sahani yake. Sisi Wamatengo kikao hicho tunakiita sengu. Ninyi mnaokula kila mtu na simu yake huenda mkadhani ilikuwa karamu. Maharage yalikuwa maharage yale yale. Ila kesi zote za ukoo zilisikilizwa pale pale, mkono ukiwa kwenye ugali, kwa sababu babu aliamini kwamba mwenye njaa hahukumu vizuri, na kwamba anayekula sahani moja na mshitaki wake hawezi kupayuka sana.

Kesi yangu ilikuwa na binamu yangu Kasiani. Tulilima mteremko mmoja, kila mtu na mashimo yake ya ngolo, yale tunayochimba ili mvua isiondoke na udongo wetu ikawapelekea watu wa bondeni. Mimi nilidai amenimegea mstari mmoja wa mashimo. Babu alisikiliza huku akitafuna, akasema mstari ni wa Kasiani, akarudi kwenye mboga yake.

Sasa, kwa babu kulikuwa na utaratibu wake. Hukumu ikishatolewa, yeyote aliyekuwepo, hata kijana, aliruhusiwa kusema mara moja, "Babu, tunaomba ukaangalie tena." Ukisema hivyo, babu hakukukemea wala hakutuma mtu. Aliacha kula, akafuta mkono, akaenda mwenyewe kuona kwa macho yake, na wazee wote nyuma yake. Mkirudi ikaonekana ulikuwa na haki, hukumu iligeuzwa palepale. Ikiwa umekosea, ulichukua kibuyu cha maji ukawanawisha mikono wote, ukianza na yule uliyempinga, na msimu ule hukuwa na ruhusa ya kuuliza tena.

Nikasema. Wazee wakaguna kama ng'ombe waliogutushwa, tukapanda mteremko mpaka shambani, na babu akapiga magoti akafukua kwa jembe la mkono. Mawe ya mpaka yalikuwepo, yamefunikwa na udongo wa mvua, na yalikuwa upande wangu wa mstari ule. Mstari ulikuwa wa Kasiani. Tukateremka. Ugali ulikuwa umepoa na kutengeneza ngozi juu.

Nikashika kibuyu. Nilimnawisha Kasiani kwanza, naye alisugua kucha moja moja kama anakwenda kupokea komunyo. Nilikuwa na hasira na aibu, na nilitamani ardhi inimeze. Mjomba wangu mmoja, mtu wa maneno mengi, akasema, "Mtoto anamwinua mzee kwenye chakula, kumbe hana lolote. Siku zetu angechapwa."

Babu hakunitazama mimi. Alimgeukia yeye. Akasema, "Wewe uliiona ile mipaka?" Mjomba akasema hapana. "Na mimi sikuiona. Nilihukumu kwa sababu namjua Kasiani ni mtu wa taratibu na huyu mwingine ana pupa. Nilibahatisha nikapata. Yeye ndiye aliyenifanya nijue. Lete mikono unawishwe, unyamaze."

Nakwambia, mwanangu, sikuelewa karipio lile siku ile. Nilifurahi tu kwamba mjomba amenyamazishwa. Kuuliza si ujinga, tunasema, na watu husema hivyo huku wakimcheka anayeuliza. Ilinichukua miaka mingi, na mpira mwingi, kuelewa kwamba babu alikuwa anajikaripia mwenyewe mbele ya watu, jambo ambalo wakubwa wengi hatuliwezi mpaka tunazikwa.

Basi turudi kwenye mpira wenu.

Mashindano yetu ya baada ya kuvuna kahawa unayajua. Timu za mlimani na timu za ziwani, na fainali tunaichezea kijijini Ruanda kwa kuwa ni katikati na hakuna anayeweza kulalamika kwamba amepanda sana au ameteremka sana. Miaka yote ilikuwa na ugomvi. Refa mmoja aliwahi kukimbilia kwenye mahindi na filimbi yake mdomoni, akawa anapumua huku inalia, wakamkamata kwa sauti hiyo. Watu walicheka mpaka leo wanacheka, lakini yeye hajarudi kuchezesha.

Vijana mkaja kwenye kamati mkasema Ulaya wanaangalia video, nasi tuangalie. Wazee wenzangu wakakataa. Mmoja akasema refa ni kama mzazi, na mzazi hakatiwi rufaa. Mwingine akasema mpira utakatikatika, watu watasimama wanangoja kama wako zahanati. Wa tatu, ambaye ni mtu wa busara na simdharau, akasema makosa ya refa ni sehemu ya utamu wa mchezo. Hilo la mwisho nimelisikia sana, hata kwenye redio. Sijawahi kumsikia aliyeonewa akisema utamu huo ameuonja.

Mimi nikawasimulia habari ya sengu ya babu. Nikasema, tusiruhusu kila mtu kuuliza kila kitu, maana hapo kweli hatutacheza. Kila kapteni apewe rufaa moja. Akiomba, refa aende mwenyewe kwenye picha. Kapteni akiwa na haki, rufaa yake inabaki. Akikosea, imekwisha, na mapumziko yakifika anabeba ndoo ya maji na kikombe, anawanywesha wapinzani wake mmoja mmoja mbele ya watu. Kamati ikacheka. Vijana wakacheka zaidi. Ikapita. Tukaongeza kanuni moja ya kumlinda refa: asiende kwenye picha kwa kelele za watu, aende kwa rufaa ya kapteni tu. Tuliona tumefanya kazi ya maana, tukanywa chai.

Kamera ilikuwa ya mpiga picha za harusi wa Mbinga mjini. Alisimama nayo juu ya gari la kubebea mizigo, na kompyuta yake ndogo ikawekwa mezani kwangu chini ya turubai, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa kamisaa wa mchezo. Usiulize kwa nini mtu wa Maguu alikuwa kamisaa wakati Maguu wanacheza fainali. Walionichagua ni watu wa ziwani wenyewe, walisema Maguu wameshanichoka kwa ukali, kwa hiyo sitawapendelea.

Refa alikuwa Mwalimu Rehema, aliyehamishiwa kwetu na serikali kutoka Singida. Mwanamke mfupi, mkimya, anayekimbia vizuri. Hakuwa na ndugu mlimani wala ziwani, na tulidhani hilo linatosha kumfanya asiwe na upande.

Na kulikuwa na Egno. Huyu ndiye mwenye habari hii, hata kama amesema machache. Egno ni mshambuliaji wa Maguu. Mwaka uliotangulia alifunga goli kwa mkono dhidi ya timu hiyo hiyo ya ziwani waliyokutana nayo fainali. Refa wa siku ile hakuona, goli likahesabiwa, na Egno akashangilia mpaka akavua jezi. Kumbe kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Picha ile ilizunguka kila kijiwe kuanzia Mpepai hadi Lituhi, na Egno akapewa jina. Wakamwita Mikono. Akienda sokoni kununua usipa, dagaa wa ziwani, wauzaji walimwambia aweke mikono mfukoni kwanza. Mama yake aliulizwa, nje ya kanisa, kama alimzaa na miwili tu au kuna mingine kaificha. Mama wa watu alicheka pamoja nao, halafu akaacha kusali misa ile akawa anakwenda ya alfajiri.

Egno aliiba lile goli, wala sisemi hakuiba. Alikiri, akaomba radhi kwa kamati, akakaa msimu mzima bila kugusa mpira. Kabla ya mashindano alikuja kwangu. Akasema, "Shikamoo, mzee. Nataka kucheza tena. Nataka watu waongelee miguu yangu hata mara moja, kisha nikiacha niache." Nilimwambia acheze. 

Fainali ikaanza. Kapteni wa Maguu alikuwa Festo, kijana mzuri, lakini ana mjomba wake aitwaye Thadei ambaye ndiye aliyewanunulia jezi. Kwetu mjomba ni mjomba, na mjomba aliyenunua jezi ni zaidi ya mjomba. Mpira wenyewe haujachangamka, ukatoka nje karibu na mstari wa katikati, refa akawapa ziwani warushe. Jambo dogo, mwanangu. Mpira wa kurusha katikati ya uwanja haujawahi kumnyima mtu ubingwa. Lakini mjomba Thadei akasimama juu ya benchi akapiga kelele, "Festo! Piga rufaa! Huo ni wetu!" Festo akasita. Akamtazama mjomba, akamtazama refa, akachora mraba hewani, ishara yetu ya kuomba rufaa.

Mwalimu Rehema akaja mezani, akaangalia, akarudi akaonyesha palepale: warushe ziwani. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mapumziko yalipofika Festo akabeba ndoo, akawanywesha watu wa ziwani, wakawa wanakunywa taratibu na kuomba waongezewe, na yeye anacheka pamoja nao. Mjomba Thadei naye alicheka. Heshima si utumwa, wahenga walisema, ila hawakutwambia ufanyeje mjomba akiwa amesimama juu ya benchi. Hakuna aliyefikiri kwamba tumepoteza kitu.

Kipindi cha pili kikaenda bila goli mpaka watu wakaanza kuongelea penalti. Jua lilikuwa bado kali. Ikapigwa kona kutoka upande wa gari la kamera. Mpira ukapanda, ukashuka kwenye kundi la watu, Egno akaruka katikati yao, na wavu ukatikisika. Kabla Maguu hawajafungua midomo, filimbi ikalia. Mwalimu Rehema alikuwa amenyoosha mkono wake mmoja na kuupigapiga kwa mwingine. Mkono. Goli limekataliwa. Akatoa na kadi ya njano akampa Egno.

Sitasahau sauti iliyofuata. Upande wa ziwani walianza kuimba, "Mikono! Mikono! Mikono!" Hiyo ningeitegemea. Kilichonishtua ni kwamba baadhi ya watu wa Maguu wenyewe waliinamisha vichwa, na mzee aliyekaa karibu yangu akasema kwa uchungu, "Lisemwalo lipo." Watu wa Egno mwenyewe! Walikuwa wameamini kabla hawajaona. Nilimtafuta mama yake nikamwona nyuma ya goli, amejifunika khanga uso mzima.

Egno hakubishana. Alisimama pale pale alipotua, akapiga kifua chake kwa kiganja, mara moja na mara nyingine, akimtazama refa.  Unajua mtu aliyewahi kuiba siku moja hana hata namna ya kukana anaposingiziwa siku nyingine. Maneno ya kukana alishayatumia yote kwenye kuomba msamaha.

Festo akanijia mbio. "Mzee, naomba rufaa."

Nikamwambia, "Huna."

"Mzee, picha hiyo hapo! Hapo mezani kwako! Ibonyeze tu tuone!"

Nikamwambia, "Ulishatumia, Festo." Kijana alishika kichwa akalia, machozi kabisa. Na kompyuta ilikuwa mbele yangu kweli, kiasi cha mkono wangu kufika. Mpiga picha wa harusi alinitazama kama mtu anayeomba ruhusa. Nilimkataza. Ningefungua, siku hiyo hiyo kanuni ingekufa, na mwaka unaofuata kila mwenye mjomba angekuja mezani na panga. Nilijua hivyo, na bado niliumia. Mwalimu Rehema naye alinitazama kwa mbali; sidhani kama alikuwa na uhakika wake wote, lakini tulishamfunga, haruhusiwi kwenda bila kapteni. Akauweka mpira chini ili ziwani wapige faulo yao.

Hapo ndipo kapteni wa ziwani, anayeitwa Aloni, alipofanya jambo ambalo sijaliona tena.

Aloni ni beki, mtu mrefu, kazi yake ni kukausha usipa kule Lituhi na kuuleta milimani kuuza. Alikuwa ndiye aliyeruka na Egno, bega kwa bega. Alitembea kutoka golini kwake mpaka kwa refa, hakukimbia, akasimama mbele yake akachora mraba hewani.

Mwalimu Rehema akadhani hajaelewa. Akamuuliza, "Unapinga nini wewe? Si nimeamua kwa faida yenu?"

Aloni akasema, "Mwalimu, kanuni inasema kapteni anaweza kuomba uamuzi wowote uangaliwe. Haikusema uwe uliomuumiza."

Golikipa wake akamvuta jezi. "Aloni, una kichaa? Watu tunashinda kwa penalti hapa!" Mwingine akamsukuma kabisa. Aloni akasukumika hatua mbili, akarudi palepale. Mwalimu Rehema akanitazama. Niliitafuta kanuni kichwani, maana mimi ndiye niliyeitunga, na ilikuwa kama alivyosema. Nikaitikia kwa kichwa.

Refa akaja mezani. Mpiga picha akarudisha picha nyuma, polepole. Kona ikapigwa. Watu wakaruka. Mkono wa Egno ulikuwa chini, umebanwa kati yake na Aloni, na mpira ulimpiga kifuani wazi wazi, ukaingia. Mwalimu Rehema akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Alivuta pumzi, akafuta jasho kwa mkono wa jezi, na nikaona anajiandaa kufanya jambo gumu kuliko kukimbia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Aliingia uwanjani, akamwita Egno, akaifuta ile kadi mbele ya watu, akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Goli.

Maguu walishinda kwa goli hilo.

Baadaye Mwalimu Rehema alikuja kukaa mezani kwangu akinywa soda. Nilimuuliza aliona nini pale mwanzo. Ni mwanamke mkweli. Akasema, "Mzee, sikuona mkono. Niliona Egno karuka, nikasikia jina lake kichwani, filimbi ikalia. Mimi hata sikuwepo mwaka ule. Nimelikuta jina tu." Nikamwambia asijilaumu sana, maana nusu ya uwanja walikuwa wameona mkono huo huo ambao haukuwepo.

Sasa nikueleze upande wa pili, kwa sababu vijana mnapenda kuisimulia habari hii ikiishia kwenye shangwe. Lori lililoleta timu ya ziwani liliondoka bila Aloni. Hawakumsahau. Alikuwa amesimama pale pale na begi lake, wakapanda, wakafunga komeo, dereva akaondoa gari. Watu wa Maguu walikuwa wanacheza ngoma na kombe lao upande mwingine wa uwanja, hakuna aliyemtazama, isipokuwa Egno.

Egno akaja akakaa naye chini, karibu na meza yangu, ndiyo maana nilisikia.  Akauliza, "Kwa nini, kaka?"

Aloni alikuwa anafungua kamba za viatu. Akasema, "Lile jina nilikupa mimi. Mwaka ule ile picha ya goli lako la mkono, mimi nikilalamika na wewe nyuma yangu unashangilia, mimi ndiye niliyeisambaza, nikaandika Mikono. Ilikuwa kweli, sijutii. Leo wangekuita hivyo mpaka unakufa, na leo si kweli, na mimi ndiye niliyekuwa karibu."

Akamaliza kamba, akaweka viatu kwenye begi.  Egno alilia kidogo, tena kwa sauti, wala hakuficha uso, na Aloni akamwacha alie. Halafu wakaenda barabarani pamoja kutafuta usafiri.

Huko ziwani Aloni alivuliwa unahodha. Nimeuliza mara kadhaa, bado hawajamrudishia. Kuna wanaomwita msaliti mpaka leo, na kuna wanunuzi wa Maguu ambao hawanunui usipa kwa mtu mwingine ila kwake, lakini usidhani hilo linalipa kile alichopoteza nyumbani. Sikupendezwa nilipolisikia hilo la kuvuliwa unahodha. Niliudhika sana, nikakaa siku nzima sina hamu ya kula. Mama yake Egno amerudi kusali misa yake ya zamani, ile ya watu wengi. Na jina la Mikono limekufa. Siku hizi mtu akilitamka, wenzake humtazama kama mgeni.

Na sasa wamekuja wajumbe wa ziwani, na kusema kweli wako na baadhi ya watu wa mlimani pia, wanataka kanuni iandikwe upya: kapteni aruhusiwe kukata rufaa kwa uamuzi uliomuumiza yeye tu. Wanasema ndivyo wafanyavyo watu wenye akili. Wengine wanataka video ifutwe kabisa, turudi kwa refa ni refa. Ndiyo maana nawe umekuja kwangu leo na daftari lako, uniulize kama mpira uruhusu rufaa za video au la.

Basi sikiliza, mwanangu, nikupe jibu langu, na ukilikataa hutanikosea.

Ziruhusiwe. Anayesema mpira utachelewa, mwambie kahawa tunaianika siku nyingi ndipo tuipeleke kiwandani, na hakuna mtu amewahi kuinywa mbichi kwa sababu ya haraka. Dakika ya kungoja haimuui mtu, ila jina baya linamuua mtu taratibu na mama yake pia. Lakini rufaa iwe na bei. Isiwe kitu cha kurusha kila mjomba akipiga kelele, maana atakayeitumia ovyo kwenye mpira wa kurusha ataikosa siku ya goli, na siku hiyo hatalia yeye peke yake. Festo hajalisahau hilo, muulize.

Refa naye mfundishe asione haya kuangalia tena. Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema, lakini mimi nimeishi muda mrefu, nimeona macho mengi mazuri yakitazama jina la mtu badala ya mtu. Babu yangu aliwahi kuhukumu kwa namna hiyo na akapata kwa bahati. Mwalimu Rehema alihukumu hivyo na akakosa. Wote wawili waliinuka kwenda kuona, na hiyo ndiyo tofauti kati ya hakimu na mtu mwenye filimbi.

Kanuni yao mpya nimeikataa. Nitaikataa mpaka wanitoe kwenye kamati, na wanaweza kunitoa, mimi ni mzee na viti ni vyao. Kamera ya siku ile iliona kila kitu, mwanangu. Iliona kifua, iliona mkono uko chini, na ikakaa kimya juu ya gari la mizigo kama kuku anayeatamia. Ingekaa kimya mpaka leo. Mtu aliyekuwa na faida ya kunyamaza ndiye aliyeifungua mdomo. Ukiandika kwamba mwenye faida haruhusiwi kuuliza, umebaki na picha safi sana ambazo hakuna wa kuziamsha, na waonewa wataendelea kuimbiwa nyimbo.

Nenda ukawaambie wenzako hivyo, kwa maneno yako, usiseme tu mzee kasema.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe miguu mizuri na watu wa kuisifia. Siku ukionewa, asikose kuwepo mmoja wa upande wa pili aliyekuwa karibu nawe. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyekuwa karibu, na ukweli unaoujua utakunyima kombe na kukufanya uachwe na lori, akupe nguvu ya kuvuka uwanja kabla mpira haujaanzishwa.